Kabla Hujamhoji Mzee Jilala

Kahama, Jumamosi alasiri

Mwanangu Kabula,

Ungekuwa hapa sebuleni ungeniambia shikamoo, nami ningeitika marahaba, halafu ningeanza kukuuliza kama tiketi umepata na kama zipu ya begi imekubali kufunga, na saa zingepita hivyo hivyo. Najijua. Nimekula kwa mdomo wangu tangu ujana, kwanza redioni, baadaye kwenye majukwaa ya kampeni na vikao vya halmashauri. Lakini kuna jambo moja mdomo huu haujawahi kulitoa. Ndiyo maana nimengoja wewe na mama yako mwondoke kwenda Didia kumuaga bibi, nikafunga mlango, nikachukua kalamu kama mtu anayefanya mtihani wa darasa la saba.

Naogopa, mama. Nakwambia mapema ili ukiona mwandiko umepinda usidhani ni uzee.

Mambo ya neti, maji ya kuchemsha, na kutopanda bodaboda usiku, mama yako ameshayamaliza, na usipoyashika atakupigia simu kila siku mpaka uyashike. Mimi langu ni moja. Kesho unakwenda Geita kuanza kazi ya utangazaji, na Jumatano unakwenda machimboni kumhoji Mzee Jilala. Kabla hujamhoji yeye, ilibidi unihoji mimi. Hukunihoji kwa sababu uliamini unajua kila kitu. Kosa hilo si lako, mimi ndiye niliyekufundisha hivyo.

Kumbuka Jumapili iliyopita. Tulikuwa tunakula, mama yako alikuwa ametupikia nsansa za karanga, zile mboga za majani makavu, na wewe furaha ilikuwa imekujaa hata tonge halishuki. Ukasema umempata kwa simu yule mwendesha mashine wa duara lile la zamani la dhahabu, lile lililoua watu wanne, ambalo baba yako aliliripoti mpaka nchi nzima ikamjua. Ukasema hicho ndicho kipindi chako cha kwanza. Ukampigia pale pale mezani, ukaweka sauti kubwa ili na sisi tusikie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni binti wa nani?"

Ukamwambia ni binti wa diwani, yule aliyekuwa mtangazaji. Ukalitamka kwa fahari. Yule mzee akakaa kimya. Wewe ulidhani mtandao umekata, ukasema "haloo, haloo." Mimi nilijua mtandao haujakata. Mkono wangu ulikuwa ndani ya bakuli na sikuweza kuutoa.

Halafu akasema, "Njoo mwanangu. Karibu sana. Na baba yako msalimie."

Ukanigeukia ukicheka, "Baba, unasalimiwa." Nikasema nimeipokea. Nikainuka kunawa, nikakaa kule bombani hadi mama yako akaja kuuliza kama tumbo linaniuma.

Kesho yake nilifanya jambo la aibu. Nilimpigia bosi wako huko redioni. Nilimwomba akuhamishe, akuweke Shinyanga mjini, nikasingizia afya ya bibi yako. Nilitumia cheo, Kabula. Nilisema "mimi Mheshimiwa" mara tatu ndani ya simu moja. Yule mtu alinisikiliza kwa adabu, akaniambia katika waliofanya usaili wewe ndiye uliyewashinda wote, na kwamba ulipoulizwa kwa nini unataka kazi hii, ulitaja taarifa yangu ya duara. Akasema hata yeye aliisikia akiwa mwanafunzi. Nikamshukuru nikakata simu. Kwa hiyo mlango wa kukuzuia ulifungwa na sifa zangu mwenyewe.

Sasa nikueleze.

Ulikuwa darasa la pili. Nilikuwa mwandishi wa redio moja ya kanda hii, nazunguka na ile pikipiki nyekundu uliyokuwa unaiita ng'ombe wa baba, leo Isaka kwenye malori, kesho Geita kwenye dhahabu. Asubuhi moja nikapigiwa simu kwamba duara limetitia. Ukifika utazoea lugha yao: duara ni shimo la kuchimbia, linashuka wima kama kisima, kisha linatambaa pembeni kuufuata mwamba wenye mali. Matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, yalikuwa yamevunjika na udongo umeziba njia. Wanaume wanne walikuwa chini.

Lakini walikuwa hai. Juu ya shimo palikuwa na kompresa, mashine ya kusukuma hewa, na mpira wake ulioshuka mpaka kwa wale wanne ulikuwa haujabanwa. Palikuwa pia na bomba la chuma la kutolea maji. Kila baada ya muda wale wa chini waligonga lile bomba, ko, ko, ko, na wa juu wakawajibu kwa kugonga. Watu walikuwa wanachimba kwa zamu kuwafuata. Mwenye kuendesha kompresa alikuwa Jilala. Wakati huo hakuwa mzee, alikuwa mwembamba, mcheshi, ana mke na nyumba ya bati aliyoimaliza mwaka ule ule. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, akaniuliza habari za Shinyanga. Karibu yangu alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mke wa Shija, mmoja wa wale wa chini. Kila bomba lilipogongwa alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Huyo ni yeye."

Saa nne akafika mgeni, kiongozi mmoja, na msafara wake. Mimi nikamkimbilia na redio kaseti yangu. Mashine ilikuwa inanguruma, na kwenye vifaa vya masikioni ngurumo ilikuwa inammeza mgeni. Wewe umesomea kazi hii chuoni, unajua mtangazaji anavyochukia kelele. Mimi nilikuwa nimezoea. Nimewahi kuzimisha mashine za kusaga mahindi. Nimenyamazisha watoto wa shule nzima. Hata msibani niliwahi kuwaomba kina mama wapunguze kilio kidogo nipate sauti ya mjumbe, wakanitii, na mimi sikuona ajabu. Ukishika kipaza sauti muda mrefu unaanza kuamini kwamba kila sauti usiyoihitaji ni kelele. Mimi niliamini hivyo, na hakuna aliyenikataza.

Nikamwendea Jilala nikamwambia, "Kaka, tuzimie hiyo dakika mbili tu."

Akasema, "Kuna watu wanaivuta hewa yake chini."

Nikamwambia, "Dakika mbili, mgeni anaongea."

Akamwangalia mgeni, akaangalia msafara. Mtu wa kijijini kwetu akiona shati jeupe na gari refu, utii unamjia wenyewe. Akazima.

Mgeni akashukuru. Akashukuru uongozi, akashukuru kamati ya ulinzi, akatoa pole, akaeleza mipango, akarudi kwenye pole. Ningeweza kumkatiza. Nilikuwa na maswali mawili tu na yote alikuwa ameshayajibu. Lakini sauti ilikuwa safi, Kabula. Ilikuwa safi kama ya studio, na nilikuwa naifikiria taarifa ya saa saba jinsi itakavyopendeza. Dakika mbili zikawa tisa. Najua ni tisa kwa sababu kaseti ilikuwa inazunguka.

Jilala alipovuta kamba kuiwasha, mashine ikagoma. Ilikuwa imefanya kazi tangu usiku, imechemka, na ukiizima ikiwa hivyo haiwaki upesi. Akavuta. Akavuta tena. Wakaja wengine kumpokea, wakavuta mpaka kamba ikachubua viganja. Wakatuma watu duara la jirani kuazima nyingine, wakaibeba mabegani wakikimbia, na ilipofungwa na kuanza kunguruma jua lilikuwa limefika utosini. Wakagonga bomba. Wakagonga tena. Kesho yake mchana wakawatoa wote wanne. Daktari aliyewaangalia alisema hawakuwa na majeraha ya kuua. Walikosa hewa.

Unaweza kujiambia kwamba labda wangekufa tu. Na mimi nimejiambia hivyo, nimejiambia kwa miaka kumi na sita, na siku zote linanishika kwa saa moja au mbili halafu linaniachia.

Siku ile mashine ilipogoma na watu wakaanza kupiga kelele, mgeni akauliza, "Nani aliizima hii mashine?" Jilala akaninyooshea kidole. Akasema wazi, "Huyu mwandishi ndiye aliyeniambia." Wote wakanigeukia. Mgeni akaniuliza, na askari mmoja akaniuliza, nami nikasema, "Mimi sijui, nilikuwa nahoji." Maneno manne matano. Hata sikuyapanga. Mgeni mwenyewe alikuwa ameniona nikienda kwa Jilala, lakini na yeye aliangalia chini, kwa sababu hotuba ilikuwa yake. Basi, wakubwa wawili wakanyamaza, na mdogo akabaki na neno lake mkononi.

Ile taarifa unayoijua, uliyoipeleka chuoni ikapigwa darasani, ndiyo niliyoisoma saa moja jioni, siku ile walipotolewa. Ndani yake nimesema, "mwendesha mashine aliizima kwa uzembe." Neno uzembe ni langu, hakuna mtu aliyenipa. Mwishoni nililia hewani. Watu waliguswa sana na kile kilio. Kilikuwa cha kweli, Kabula, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba mtu anaweza kulia kwa kweli ndani ya uongo wake mwenyewe na asijisikie mnafiki.

Jilala aliwekwa ndani miezi kadhaa, akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Aliporudi akakuta ndugu wa marehemu wameichoma nyumba. Mke akarudi kwao. Walimpiga, sikio moja halisikii tangu siku hiyo. Akahamia machimbo mengine. Na mimi? Mimi nikaitwa Mtetezi. Wachimbaji wa kata yetu, na vijana waliokuwa wakizunguka na vyeti kutafuta kazi Buzwagi, wakaja nyumbani wakasema, mzee, wewe unatulilia, chukua fomu. Nikachukua. Kampeni ya kwanza sikuwa na sera yoyote zaidi ya ile taarifa. Walikuwa wanaipiga kwenye spika juu ya gari kabla sijapanda jukwaani, na mimi nikiwa nyuma ya gari nikiziba masikio, wapambe wakidhani naomba dua.

Udiwani, mwanangu, ni kazi nzuri kwa mtu asiyeogopa. Mimi nimeufanya vipindi vitatu kwa woga, na nitakuonyesha woga unavyotawala mtu aliyechaguliwa na watu. Katika kipindi cha pili mjumbe mmoja, mwanamama asiye na maneno mengi, alileta hoja kwamba kila duara katika halmashauri yetu liwe na kompresa ya akiba, la sivyo lifungwe. Hoja nyepesi, ya akili, isiyo na mpinzani. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati iliyohusika. Wenzangu wote waliniangalia mimi, Mtetezi, wakijua nitaichukua na kukimbia nayo. Nikaona itakavyokuwa: watauliza mfano, watataja duara lile, watasema tumwite na yule mwendesha mashine aeleze. Nikasema hoja ni nzuri ila ifanyiwe utafiti kwanza. Ikalala kwenye faili, na faili lenyewe sijui liko wapi. Yule mama alinifuata nje akaniambia, "Mheshimiwa, sikutegemea kutoka kwako." Nikapanda gari. Tangu siku ile nikisikia duara limetitia mahali popote, swali langu la kwanza huwa ni kama mashine ilikuwa moja. Nikiambiwa ndiyo, siku hiyo sili.

Majukwaani napenda kusema mficha uchi hazai. Nimelisema hata kwenye harambee ya choo cha shule. Watu wanacheka, wanapiga makofi. Siku moja nililisema, nikakaa chini bila kumaliza hotuba. Katibu wangu akaeleza kwamba nina presha. Sina presha, mama. Nimepima.

Sasa mwaka huu nimechukua fomu ya ubunge, na kura za maoni zinakuja. Washindani wangu wanachimba kila walipohisi pana kitu. Nadhani unaelewa hofu yangu ina vichwa vingapi. Naogopa kukosa kiti. Naogopa polisi. Naogopa ndugu wa wale wanne, maana nyumba yetu nayo ni ya bati. Lakini hofu hizo zote nimezizoea, nalala nazo, naamka nazo. Iliyonitoa jasho safari hii ni moja: wewe kukaa mbele ya Jilala, umewasha mashine yako ya kurekodia, ukaanza kwa kunisifu. Namwona akikusikiliza kwa sikio lake moja. Namwona akiamua kama akwambie au akuonee huruma. Na uso wako, ambao sitakuwepo kuuona.

Jumanne niliwaambia nakwenda kwenye kikao Isaka. Sikwenda Isaka, niliendesha gari mpaka kwake. Nilikusudia nimfikie kabla yako, nimpigie magoti, nimwombe, sijui hata nimwombe nini. Nilimkuta mbele ya kibanda chake. Siku hizi anatengeneza pampu na kuuza mipira ya upepo, ameitundika ukutani imejikunja. Macho yamepungua, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikasimama mbele yake kama mteja.

"Karibu," akasema.

Nikauliza mpira mita moja bei gani. Akanitajia. Kisha akaacha bisibisi, akageuza lile sikio zima upande wangu.

"Sauti hii naifahamu," akasema. "Wewe si mtangazaji?"

Kabula, nilikuwa nimesafiri asubuhi nzima kwa ajili ya swali hilo. Nikasema, "Hapana, mzee, mimi ni mkulima."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi. Sauti zinafanana." Akaokota bisibisi akaendelea na kazi, na nilipokuwa naondoka akasema wabeja, yaani asante, karibu tena, kama mtu asiye na neno na mtu. Sijui kama alinijua. Njia nzima nimejiuliza hilo. Nilisimamisha gari mara mbili, nikashindwa kurudi.

Jioni ile nilimwambia mama yako yote. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Miaka yote hii nilidhani una mwanamke." Nikasema sina. Akasema, "Ungekuwa na mwanamke ningejua la kufanya." Akageuza ungo, kisha akasema kitu ambacho ndicho kimeniweka kwenye kiti hiki: "Mwambie mtoto kabla hajaenda kukusifia mbele ya yule baba. Ukiacha ajifedheheshe kwa ajili yako, mimi sitakusamehe." Hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Wewe ulidhani ana huzuni ya kukuaga.

Sasa kuhusu kaseti. Haikuungua wala haikupotea. Kituoni niliwapelekea nakala niliyoikata, inaanza na mgeni akizungumza. Ya kwanza, nzima, niliiweka kwenye kopo nikalipeleka Didia, nikamwomba bibi yako alihifadhi kwenye ghala pamoja na mbegu. Mara moja tu aliuliza, "Ni dawa?" Unajua wanavyotusema sisi wanasiasa na waganga. Nikanyamaza, akachukulia ni dawa ya uchaguzi, basi hakuligusa kamwe, na kila niliposhinda aliliangalia kwa heshima. Juzi nilikwenda kulichukua, akanishauri nisilifungue hovyo. Hajui alivyosema kweli.

Kwa nini niliitunza? Ningeichoma siku ile ile, leo lingekuwa neno la Jilala dhidi ya langu. Nimejiuliza sana. Nafikiri mwandishi ndani yangu hakukubali kuchoma sauti, hata alipokubali kumchoma mtu. Usinisifu kwa hilo. Leo asubuhi, mlipoondoka, niliwasha jiko la mkaa uani na kuikalisha kaseti pembeni. Nimekaa nayo mpaka adhuhuri. Hata sasa makaa hayajazima, nayaona kutoka dirishani, na nakuandikia haraka ili nimalize kabla ujasiri haujaisha.

Kopo nimeliweka chini kabisa ya begi lako, nimelifunga kwenye ile khanga ya zamani, pamoja na redio kaseti yangu na betri mpya. Barua hii iko juu yake. Sikwambii cha kufanya nayo. Ukiipeleka hewani, ni kazi yako na ni haki yako. Sitakuita mtoto mbaya, na yeyote atakayekuita hivyo mbele yangu atanikuta. Ukiitupa ziwani, nitakuelewa, ila nitajua nimekurithisha woga, na hilo litaniuma kuliko kukosa ubunge. Kitu kimoja tu nakuomba: usimhoji Jilala bila kuisikiliza. Na usiende kwake na swali. Nenda na salamu, kaa, mwache aseme anachotaka hata kikiwa ni habari za pampu. Pakiwa na mashine inanguruma jirani, iache ingurume. Msikilizaji atavumilia.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nitakuja Jumatano, nikafuta, nikaandika tena, utaona karatasi ilivyochubuka. Nataka kuja. Nataka akiniuliza tena kama mimi ndiye mtangazaji, niseme ndiyo, na wewe uwe umewasha. Lakini unamjua baba yako sasa. Nilikwenda peke yangu nikawa mkulima. Kwa hiyo ukishaisikiliza nitumie neno moja kwenye simu: njoo. Nikilipata nitakuja hata kwa miguu. Nisipolipata, nitajua hutaki kuniona kwa sasa, na sitakusumbua, nitakaa hapa na mama yako anayechambua mchele bila kuongea.

Naisikia sauti ya gari huko barabarani, huenda ni ninyi. Nitakupokea kama kawaida, nitakuuliza habari za Didia, na kesho asubuhi stendi nitakubebea begi mimi mwenyewe. Usishangae nikichelewa kuliachia.

Kaseti ina pande mbili, anza na upande wenye alama ya kalamu nyekundu. Utasikia bomba likigongwa ndani ya ngurumo, mbali kidogo. Utamsikia Jilala akisema kuna watu wanaivuta hewa yake chini, na utanisikia nikimjibu. Mgeni atazungumza sana, mvumilie. Baada yake utasikia kamba ikivutwa, mara nyingi, usizime hapo. Mwisho kabisa, kabla mkanda haujakatika, mke wa Shija anauliza, "Mbona wamenyamaza?" Hakuna anayemjibu. Anayesikika akihema karibu na kipaza sauti ni mimi,

baba yako.